Magunia Kumi na Manane ya Majani ya Mkorosho

Baba alifariki mvua zikielekea mwisho, kwa homa ya siku nne. Mimi nilikuwa Dar es Salaam, nimemaliza chuo na ninasubiri barua ya kupangiwa kazi. Barabara ya kusini ilikuwa haipitiki kwa matope, kwa hiyo nikangoja meli, na meli ilipotia nanga Mtwara baba alikuwa ameshazikwa siku mbili nyuma. Nyumbani, Magomeni ya Mtwara, nilikuta mikeka imetandikwa nje na wanaume wanasoma hitima. Nilipeana mikono na kila mtu. Nikahesabu mikeka: ilikuwa kumi na mmoja. Sijui kwa nini niliihesabu. Nilijiambia kwamba machozi yatakuja nikishaoga, kisha nikasema nikishakula, kisha nikishalala. Hayakuja. Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi, unaukanyagia na unaona kabisa kwamba umekanyaga, lakini hausemi kitu.

Mama alikuwa chumbani, ameanza eda. Miezi minne na siku kumi asingetoka nje ya nyumba, asingejipamba, na wanaume wasio ndugu zake wa damu wasingemwona. Bustani yake ilikuwa nyuma, nje ya ua, kando ya njia ya kisimani ambayo mtaa mzima hupita. Kwa hiyo kutoka siku ile bustani haikuwa na mtu. Ilikuwa na matuta sita: mawili ya nyanya, mawili ya mchicha, moja la bamia na moja la bilinganya. Baba ndiye aliyekuwa akiichotea maji kila alfajiri kwa mzega, debe moja mbele na moja nyuma ya bega, kabla hajaenda kupakia mizigo bandarini. Mama ndiye aliyeilima.

Siku ya saba mjomba alizungumza. Ni kaka mkubwa wa mama, na kwetu Wamakonde neno la mjomba juu ya dada yake na watoto wa dada yake si neno la kupita tu. Alikuwa ameshuka kutoka Newala, na alizungumza polepole, mbele ya wanaume wote, macho yake yakiwa kwangu.

"Mjomba," aliniambia, maana sisi huitana hivyohivyo yeye kwangu na mimi kwake, "wewe ni mtu wa barua. Barua ikija unakwenda. Dada yangu atabaki na nani hapa? Eda ikiisha nakuja kumchukua."

Kutoka chumbani, nyuma ya pazia, sauti ya mama ilisema, "Kaka, mimi nina bustani."

"Bustani!" Mjomba alicheka kidogo, si kwa ubaya. "Miezi minne ya kiangazi, bila mchotaji? Utatoka ukute mchanga."

"Nikikuta mchanga nitapanda basi la Newala. Nikikuta bustani sipandi."

Wanaume waliguna. Mjomba akanitazama tena. "Umesikia? Basi shauri lako hilo."

Mtu ambaye hajafika Newala huenda asielewe mama alikuwa anakataa nini. Kule juu maji yanafuatwa bondeni, mwanamke anaondoka alfajiri na anarudi jua limepanda na ndoo moja kichwani. Hakuna mtu anayemwagilia nyanya kwa maji ya namna hiyo. Mama alitoka kule akiwa msichana, na sikuwahi kumsikia akisema anapakumbuka.

Nilianza kuchota. Madebe kumi na mawili kila alfajiri, mawili kwa kila tuta. Bega langu lilichubuka siku ya kwanza. Lakini mchanga wa Mtwara haushiki maji. Unamwagilia asubuhi, jioni unakuta pamekauka kama hapakuguswa. Na kisima chenyewe, mvua zilipokwisha kabisa, kilianza kushuka, na foleni ya ndoo ikawa ndefu.

Hapo ndipo nilipokumbuka matandazo. Nilijua kwamba udongo ukifunikwa kwa majani makavu hukaa na unyevu. Nilijua pia kwamba mama hufanya hivyo kila kiangazi, maana likizo za shule niliona majani kwenye matuta. Nilichokuwa sijui ni kiasi gani. Mtu mwingine angekwenda kuyazoa mpaka yatoshe. Mimi nilikaa barazani na daftari.

Kila tuta lilikuwa na urefu wa futi kumi na mbili na upana wa futi nne. Nilipima mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza na ya pili zilitofautiana kwa inchi mbili. Shule zilikuwa zimeanza kufundisha kwa mita, na nilipoteza asubuhi nzima nikijiuliza kama si aibu kwa mtu aliyesoma hesabu kupima kwa futi. Nikarudi kwenye futi. Eneo la matuta sita ni futi za mraba mia mbili themanini na nane. Kina nilichagua inchi tatu. Kwa nini tatu? Mbili niliziona chache na nne niliogopa kwamba zitaita mchwa. Nikapata futi za ujazo sabini na mbili. Nikajaza gunia moja majani, nikalipima kwa kamba, nikakadiria futi nne. Sabini na mbili gawanya kwa nne ni kumi na nane. Kisha nikafikiria kwamba mashina ya nyanya nayo yanachukua nafasi, na nikayatoa, shina kwa shina, mpaka nikapata magunia kumi na saba na robo tatu. Nikarudisha kumi na manane. Niliridhika. Sasa naona kwamba wiki ile yote ya hesabu sikuwa nimemfikiria baba hata mara moja, na labda hesabu ilikuwa ya kazi hiyo.

Majani niliyapata kwenye mikorosho ya njia ya kwenda Naliendele. Mwenye shamba hakuniuliza mara mbili. Msimu wa korosho ukikaribia ni lazima afagie chini ya miti ili korosho zikidondoka zionekane, kwa hiyo mimi nilikuwa namfanyia kazi yake. Niliazima baiskeli nikawa nasomba magunia mawili kila safari, safari tisa. Majani ya mkorosho ni mapana na magumu, yanalia chini ya mguu kama karatasi nene. Niliyatandaza vizuri, nikipima kina kwa rula, nikiyalaza jani juu ya jani ili yasipeperuke.

Jirani yetu alinikuta nimepiga magoti kwenye tuta la nyanya. Alikuwa mama mmoja Mmakua, wa umri wa mama, aliyevuka mto pale Kilambo miaka michache nyuma kukimbia vita vya ng'ambo ya Ruvuma. Alijihesabu mtani wetu, na mtani ana ruhusa ya kusema lolote, hata msibani. Yeye ndiye aliyekuwa akiingia kwa mama kila siku, kumchana nywele na kumpigisha soga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mume wangu. Leo unazika nani?"

"Siziki mtu. Naweka matandazo."

Alitazama matuta sita marefu yaliyofunikwa majani. Kweli yalifanana na makaburi. "Baba yako ulichelewa kumzika, sasa unajifunzia kwa nyanya?"

Mtu mwingine angekasirika au angelia. Mimi nilimjibu kwamba kina ni inchi tatu. Aliondoka bila kuongeza utani mwingine, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Siku ya tano majani ya nyanya yalianza kujikunja. Nilirudi kwenye daftari. Nilijenga hoja hivi: matandazo huhifadhi maji. Matandazo yapo. Kwa hiyo maji yapo. Mmea wenye maji ukinyauka, basi maji yamezidi na mizizi inaoza. Niliusoma tena mstari huo na sikuona kosa. Nikapunguza madebe kutoka kumi na mawili hadi sita. Siku ya nane nyanya zilikuwa zimelala. Nikapunguza hadi manne.

Kila jioni mama aliuliza kutoka nyuma ya pazia, "Bustani inaendeleaje?" Na kila jioni nilijibu, "Vizuri, mama." Sikusema uongo ule kwa kutaka kumdanganya. Nilikuwa nimeamua kwamba mtu aliye kwenye eda hapaswi kusumbuliwa na habari za udongo. Nilidhani eda ni kimya. Nilidhani huko ndani anaomboleza saa zote, na kwamba kumwuliza juu ya bilinganya kungekuwa kumvunjia heshima baba. Hakuna aliyeniambia hayo. Niliyatunga mwenyewe, nikayatii.

Siku ya kumi jirani alirudi. Safari hii hakusalimu. Aliingiza kidole cha mguu chini ya majani ya tuta la nyanya, akakitoa. Kilikuwa kimejaa vumbi.

"Mchanga huu," alisema, "unafaa kukaangia karanga."

Niliinama nikafunua. Palikuwa pakavu. Nikafunua tuta la pili, la tatu. Juu majani yalikuwa na maji ya asubuhi bado, yanang'aa. Chini pakavu. Maji yalikuwa yametiririka juu ya majani yangu yaliyopangwa vizuri na kuishia kwenye vijia katikati ya matuta, ambako magugu yalikuwa yamestawi kuliko kitu chochote nilichokipanga.

"Mama yako umemwuliza?"

"Yuko kwenye eda, mama."

"Nami naingia mle kila siku, kwani sijui? Eda inaziba masikio? Ananiuliza bustani, namwambia mwulize mwanao. Mwanao anasema vizuri. Haya, vizuri yenyewe ndiyo hii?" Aling'oa mche mmoja wa nyanya, ukatoka bila kushika mchanga. "Kafiwa. Hakufa. Nenda kamwulize."

Nilibaki pale nimeshika mche ule. Nilifikiria namna ya kuanza. Nilitunga sentensi tatu na kuzifuta zote. Mwisho niliingia na mche mkononi, nikasogeza pazia, nikakaa chini mlangoni.

Mama alikuwa kitandani na shuka yake nyeupe, ameegemea ukuta. Dirisha lilikuwa limefungwa. Nilimpa mche. Aliuzungusha vidoleni, akaitazama mizizi.

"Yote?"

"Matuta mawili ya nyanya, nadhani yamekwenda. Mengine sijui."

"Umemwagilia?"

"Kila siku. Lakini nilipunguza, maana nilidhani maji yamezidi."

Nilimweleza futi, inchi na magunia kumi na manane. Nilimweleza jinsi nilivyoyalaza majani. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo lilikuwa gumu kuliko kama angenikatiza.

"Majani ulitandaza mazima?"

"Ndiyo."

"Jani juu ya jani?"

"Ndiyo. Yasipeperuke."

"Mwanangu," alisema, "umeezeka bustani."

Akacheka. Aliziba mdomo kwa shuka haraka, akatazama mlango kama mtu aliyefanya kosa, kisha akacheka tena kwa ndani, mabega yakitikisika. Nilielewa alichosema. Majani ya mkorosho yakipangwa namna ile ni sawa na makuti ya paa, kazi yake ni kufukuza mvua. Nilijaribu kucheka naye lakini uso wangu haukukubali.

Kisha akaacha kucheka na akawa kama mama ninayemjua. Aliniambia nitoe majani yote, nimwagilie mpaka maji yasimame, ndipo nirudishe. Majani yarudi yamepondwa kwa mchi ndani ya gunia, mpaka yawe kama tumbaku iliyosagwa. Yasiguse shina. Na kina chake hakipimwi kwa rula.

"Chomeka kidole. Kikifika kwenye udongo pingili mbili zikiwa zimezama, basi. Zikizama tatu umezidisha, maji ya debe yataishia juu. Ikizama moja, jua litapita."

"Na nitajuaje kama chini pana maji?"

"Niletee nione."

Ndivyo ilivyokuwa mpaka eda ikaisha. Kila asubuhi kabla ya kumwagilia nilichota udongo chini ya majani ya kila tuta, nikautia kwenye kifuu cha nazi, vifuu sita kwenye sinia, nikaviingiza chumbani. Mama alichukua kimoja kimoja. Aliubana udongo kiganjani, akaufungua, akautazama kama umeshikana au umemeguka. Wakati mwingine aliunusa. "Bamia, debe moja tu leo. Mchicha huu wa mwisho haujashiba, rudia. Bilinganya acha." Vifuu viwili vya nyanya aliendelea kuviomba kwa wiki nzima, ingawa nilimwambia hakuna kitu juu yake. Aliubana ule udongo mkavu, ukapita katikati ya vidole. Siku moja alisema nisilete tena hivyo viwili. Nikaleta vinne.

Ilinichukua siku kadhaa kutambua kwamba alikuwa akiningoja. Nikichelewa foleni ya kisimani, jirani aliniambia, mama aliuliza sinia liko wapi. Dirisha lilianza kufunguliwa. Niliyaona hayo yote nikayaandika kwenye daftari, pembeni mwa hesabu, bila kuhisi nilichokuwa nakitarajia kuhisi.

Hesabu niliendelea nayo, lakini sasa nilikuwa nahesabu kitu kingine. Majani mazima yakipondwa hubaki theluthi moja. Ili kupata pingili mbili, kila tuta lilikula magunia matano, wala si matatu. Kwa hiyo kumi na manane yangu yasingetosha hata kama ningeyatandaza sawasawa. Lakini matuta manne yaliyofunikwa vizuri yaliridhika na madebe manane kila baada ya siku tatu, mahali ambapo baba alichota kumi na mawili kila siku kwa matuta sita. Madebe manane kwa siku tatu. Hicho ni kitu ambacho mwanamke mmoja, akisaidiwa na jirani mara mojamoja, anaweza kubeba. Nilikagua mara nyingi sana, kwa sababu barua yangu ilikuwa imefika. Nilipangiwa kufundisha mkoani Shinyanga, na siku ya kuripoti ilikuwa imeandikwa.

Mjomba alifika siku moja kabla eda haijaisha, na mfuko mtupu wa kutilia nguo za mama. Kesho yake wanawake walimwogesha, akavaa kanga mpya, akatoka. Hakuja kwetu barazani. Alipita mlango wa uani, moja kwa moja nyuma, na mjomba na mimi tukamfuata.

Alisimama kwenye bamia kwanza. Alichomeka kidole, akakitoa, akaendelea. Mchicha ulikuwa umefika magotini. Bilinganya zilikuwa na maua na matunda matano, nilikuwa nimeyahesabu alfajiri ile. Kisha akafika kwenye matuta ya nyanya. Nilikuwa nimeyafunika majani ili yasionekane vibaya sana, lakini palikuwa hapana kitu.

Mjomba aliyahesabu kwa kidole. "Sita. Mawili yamekufa."

"Nimeyaua mimi, mjomba," nilisema. "Si kiangazi." Nilikuwa nimejiandaa kumweleza majani mazima, maji yaliyotiririka, madebe niliyopunguza, na jinsi ambavyo kwa hesabu sahihi matuta hayo mawili yangeweza kufufuliwa kabla sijasafiri, iwapo ningepata miche na magunia kumi.

"Usifufue," mama alisema.

"Nina siku tisa, mama. Naweza."

"Nyanya alizipenda yeye. Mtu mmoja, nyanya matuta mawili za nini?" Alisema hivyo akitazama chini, bila kupandisha wala kushusha sauti, kama alivyokuwa akisema bilinganya acha. "Manne yananitosha."

Mjomba alivua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena. Mimi niliangalia yale matuta mawili. Nilikuwa nimeyaonea aibu miezi miwili, nikiyahesabu kama hasara yangu, na kumbe mama alikuwa ameshapiga hesabu yake mle chumbani, siku ile aliponiambia nisilete tena vile vifuu viwili. Nilingoja machozi, lakini hayakuja.

"Nani atakuchotea?" mjomba aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Madebe manane, kaka, kwa siku tatu. Nitachota mwenyewe. Mwulize msomi."

Mjomba alinigeukia, nikamwambia ni kweli, manane. Akauliza na majani je, yakiisha? Nikamwambia magunia ishirini kwa matuta manne, na kwamba yanaliwa na udongo na jua, itabidi kuongeza. Aliniuliza majani yako wapi. Nikamwambia. Mchana wake tulikwenda wawili njia ya Naliendele, yeye akifagia kwa ufagio wa mwenye shamba na mimi nikijaza magunia ya akiba, na kwa kuwa alikuwa mtu mzima nilimkataza kubeba, naye akabeba. Alikaa kwetu siku tatu. Alirudi Newala na mfuko uleule, ndani yake bamia na mchicha alivyochuma dada yake.

Nilipomsindikiza kituo cha basi nilidhani nitajisikia nimeshinda. Nilijisikia nimechoka mikono.

"Ukifika huko kwenu Shinyanga," mjomba aliniambia kutoka dirisha la basi, "usimwandikie kumwuliza kama yuko salama. Atakwambia yuko salama. Mwulize magunia."

Nafanya hivyo. Kila mwisho wa mwezi naandika, na mtoto wa shule wa mtaani anamwandikia jibu. Barua ya juzi inasema yamebaki saba, na mvua bado.